Walimlilia Mume wa Kitabuni

Chama chao kilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo nimelisahau kwa makusudi. Sisi wanawake tulikiita chama cha uma, maana jambo la kwanza wanachama walilopatana, kabla hata ya kupatana watasoma nini, ni kwamba asionekane mtu anakula kwa mkono. Mume wangu akaenda duka la Mhindi, akarudi na uma na visu vya watu sita. Wanachama walikuwa wanne.

Hiyo ilikuwa Newala, katika miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, wakati kila karani aliamini moyoni kwamba siku bendera itakaposhuka ni yeye atakayeitwa akalie kiti. Mume wangu alikuwa karani bomani. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili: mwandiko wake ulikuwa mzuri, viatu vyake viling'aa, na hakuwahi kuniinulia mkono. Lakini alikuwa na ugonjwa wa wasomi wengi wa siku zile, nao ni kupenda kuonekana amesoma kuliko kusoma kwenyewe.

Mwanachama wa pili alikuwa dresa wa zahanati, mtu mnene aliyeongea polepole ili kila neno lake lionekane zito. Wa tatu alikuwa bwana shamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wazee kupanda mikorosho, wazee ambao walikuwa wakibangua korosho kabla yeye hajaota meno. Wa nne alikuwa mwalimu kutoka upande wa Masasi, mwembamba na mkimya. Kila mkutano alipanda mlima na lori siku ya Ijumaa, akalala kwa dada yake, na kesho yake jioni akaja kwetu na tai yake shingoni.

Mimi nilizaliwa Lulindi. Masista wa misheni walinisomesha mpaka Kiingereza kikanikaa, nikafundisha wasichana kusoma kwa miaka miwili, kisha nikaolewa nikapanda Newala. Tangu siku hiyo kazi yangu katika mambo ya elimu ilikuwa kupika.

Vitabu vyenyewe vilitoka Nachingwea. Wazungu wa mradi wa karanga walipofunga virago, mmoja wao alipita kwetu akiuza vyombo vyake: kitanda cha turubai, taa, birika, na sanduku la mbao lililojaa riwaya. Mume wangu aliacha birika, ambalo tulikuwa na haja nalo, akachukua sanduku. Lilipofika nyumbani alilipanga barazani ili wapita njia walione. Kwa muda wa wiki moja sikumwona akifungua kitabu hata kimoja, lakini nilimwona mara nyingi akivipangusa vumbi.

Ndipo wakaunda chama. Kila mwezi riwaya moja. Kitabu kikae kwetu kwanza, halafu kiende kwa dresa, halafu kwa bwana shamba, na mwisho kwa mwalimu wa Masasi kama lori linapita, kisha kirudi kwetu kabla ya mkutano. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakutane kwetu, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na meza, wale chakula, kisha wakijadili kitabu kwa Kiingereza. Walianza mapema, saa kumi na moja, na jua likizama wakatawanyika. Walisema hiyo ndiyo desturi ya Ulaya. Kweli yake ni kwamba waliogopa simba.

Nani alikuwa akipika ilikuwa haina mjadala. Ila mume wangu aliniwekea masharti. Ming'oko marufuku, kwa sababu ni chakula cha porini. Kisamvu marufuku. Ugali wa muhogo marufuku, na hilo nililielewa, maana nilipata kumwona dresa akijaribu kulichoma tonge kwa uma, likadondoka likamchafua suruali. Kwa hiyo ulikuwa wali kwa kuku, na mwishoni kastadi ya kopo iliyokorogwa kwa maji, kwa kuwa maziwa hayakuwapo. Waliila kwa adabu kubwa, nyuso zimekunjamana.

Na hayo maji. Asiyeijua Newala ya wakati ule hajui maji yalikuwa nini. Juu pale hapakuwa na mto wala kisima. Maji yalikuwa bondeni, chini ya mteremko, na mwanamke aliyetoka jogoo la kwanza alirudi na debe lake jua likiwa limeshapanda. Wazungu walichotewa na wafungwa. Wake za makarani walijichotea. Siku za kawaida debe moja lilitutosha, lakini Jumamosi ya chama lazima mawili, na ndiyo maana nilikuwa nikishuka Ijumaa na kushuka tena Jumamosi yenyewe. Mabwana wale wanne walinawa mikono kwa bakuli kabla ya kula kwa uma. Mpaka leo sijapata kuelewa walikuwa wakinawia nini.

Mwezi wa kwanza, siku tatu kabla ya mkutano, mume wangu alinijia jikoni ameshika kitabu.

"Mke wangu, hiki umekiona?"

"Nimekisoma."

"Chote?"

"Chote."

Akakohoa kidogo. "Hebu nieleze wewe unavyokiona. Nataka nilinganishe na mawazo yangu."

Mawazo yake yalikuwa yameishia ukurasa wa kumi na moja, mahali alipoweka kijiti cha kiberiti. Nilijua, maana kijiti nilikuwa nimekiona. Nikaacha kupepeta mchele, nikamsimulia kitabu chote toka mwanzo hadi mwisho, naye akasikiliza ameinamisha kichwa, akiuliza majina ya watu mara mbili mbili ili yamkae. Jumamosi alikieleza kile kitabu kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, na wenzake wakamsifu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la mchuzi. Hakuna aliyegeuka.

Ikawa hivyo kila mwezi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata mume wangu hakulijua. Vile vitabu sikuwa nikimsimulia yeye wa kwanza. Niliwasimulia wenzangu wa bondeni. Wakati wa kupanda hakuna anayeongea, kila mtu ana debe kichwani na pumzi zake mwenyewe. Lakini kushuka tulishuka watupu, na pale kwenye chemchemi tulingojea zamu kwa muda mrefu. Nikawasimulia riwaya za Kiingereza kwa Kiswahili, na Kiswahili kiliposhindwa walinisaidia kwa Kimakonde, ambacho nilikuwa bado nakijifunza.

Alikuwapo bibi mmoja wa Mkunya, mwenye ndonya, kile kipambo cha mti, kwenye mdomo wa juu, aliyekuja kukaa na mjukuu wake pale Newala. Hakujua kusoma hata herufi moja. Siku niliyowasimulia kitabu cha bwana mmoja aliyefiwa na mchumba akawa anatembea-tembea mashambani kwa masikitiko, bibi yule alinikatiza.

"Ngoja, mwalimu. Huyo bwana analima saa ngapi?"

"Halimi, bibi. Ana huzuni."

"Tangu jana unatusimulia, hajalima, hajawinda, hajabangua hata korosho moja. Anakula huzuni?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha ngata yake majini. Jioni nilimweleza mume wangu swali lile, bila kumwambia limetoka wapi. Jumamosi akalitoa mezani: kwamba mwandishi amesahau kutuonyesha chakula cha shujaa wake kinatoka shamba la nani. Dresa akaweka uma chini. "Hilo," alisema, "ni wazo zito." Bwana shamba akatoa daftari ya serikali mfukoni akaliandika. Basi wazo la bibi wa Mkunya likaingia katika daftari ya serikali kwa jina la mume wangu, naye bibi siku ile alikuwa ameshuka bondeni mara mbili.

Sasa nieleze kitabu kilichotuharibia chama.

Kilikuwa kinene, jalada limeliwa na mende. Kilisimulia habari za binti wa mkulima maskini katika nchi ya baridi. Mama yake anakufa, kaka yake anauza nyumba, na yeye anaozwa kwa mzee mwenye kinu cha kusagia ngano. Mzee yule anampiga, anamfungia ndani, anamnyima hata nguo za kuvaa. Kuna sura moja ambamo binti anafua gauni la marehemu mama yake, analianika, halafu anakaa chini kulitazama linavyokauka, basi, hakuna jingine linalotokea. Sura ile niliisoma mara nne. Sikuwahi kujua kwamba mtu wa mbali vile, mwenye ngozi ile, anaweza kuandika kitu nilichokifanya mimi mwenyewe uani kwetu Lulindi mwaka aliokufa mama yangu.

Halafu mwisho wake ukanikasirisha. Mzee anaugua. Binti anaweza kuondoka, mlango uko wazi, lakini anabaki, anamuuguza, na mzee anapokata roho anambariki, naye anapiga magoti kumshukuru Mungu kwa ndoa ile. Nilikifunga kile kitabu kwa kishindo mpaka mtoto akaamka.

Nilitaka kuzungumza na mtu aliyekisoma. Hilo tu. Nilitaka kumwuliza: wewe unadhani mwandishi mwenyewe aliuamini mwisho huo? Katika Newala nzima walikuwapo wanaume watatu waliokuwa wakikipokezana kitabu hicho hicho, na wa nne yuko Masasi.

Siku mbili kabla ya kitabu kutoka kwetu, mtoto wangu alikimwagia uji katikati. Nilikipangusa nje, lakini ndani kurasa kama tano au sita ziligandana, pale pale kaka anapouza nyumba. Nikaziacha hivyo. Kitabu kikaenda kwa dresa kikakaa wiki nzima. Kikaenda kwa bwana shamba kikakaa wiki nzima. Kiliporudi kwangu nikafungua pale pale: uji umekauka kama gundi, hakuna aliyegusa. Mwalimu wa Masasi alikuwa ametuma salamu kwamba asipelekewe, mvua imeharibu njia. Nikamhesabu pamoja na wenzake.

Bondeni niliwasimulia wanawake kitabu kile kwa siku tano. Nilipofika mwisho, bibi wa Mkunya akauliza:

"Huyo binti hana mjomba?"

"Hakutajwa, bibi."

"Mama yake hakuzaliwa na watu?"

"Labda alizaliwa na watu, lakini kitabuni hawamo."

"Basi aliyeandika ni mvivu. Mtoto wa watu anapigwa miaka yote hiyo, na hakuna mjomba aliyekuja kuuliza?" Akatema mate pembeni. "Hebu nikwambie ilivyokuwa. Binti alijitwika gauni la mama yake, akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Akavuka mto kwenda kwa watu wa mama yake. Yule mzee akamfuata na fimbo mkononi. Yeye maji yakamchukua."

"Na binti?"

"Binti alivuka, nimeshasema. Alianika gauni lake upande wa pili."

Nakiri kwamba nilisimama pale na debe langu tupu, zamu yangu ikanipita.

Mwezi ule mume wangu alikuja nyumbani na habari kubwa. Mke wa ofisa mmoja Mwingereza, mgeni pale Newala, alikuwa amesikia kwamba kuna Waafrika wanaosoma riwaya na kuzijadili, akasema angependa kuja kuwaona. Mume wangu hakulala vizuri siku tatu. Aliazima kiti. Alinifanya nifue kitambaa cha meza mara mbili, yaani debe jingine la maji. Ijumaa akaja jikoni, kitabu mkononi, kijiti cha kiberiti kikiwa ukurasa wa sita.

"Nieleze vizuri," alisema. "Safari hii tuna mgeni."

Nikamweleza vizuri. Nikampa kinu, nikampa kaka aliyeuza nyumba, nikampa gauni la mama. Na nilipofika mwisho, nikampa mto wa bibi wa Mkunya.

Watu wakisikia habari hii hudhani nilitaka kumwaibisha mume wangu. Sikutaka hivyo. Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini zaidi nilitaka kukamatwa. Nilitaka mmoja wao, hata mmoja, apige meza aseme: hapana, kitabu hakisemi hivyo! Hapo ningejua kwamba katika mji ule sikukisoma peke yangu.

Mgeni alifika saa kumi na moja kamili, amevaa kofia. Alitusalimu wote, akasifu kitambaa cha meza, akala kuku kidogo sana. Aliikubali kastadi. Wanaume walikaa wamenyooka kama wanaopigwa picha. Mimi nilisimama mlangoni kama kawaida, sahani mkononi.

Mume wangu akaeleza. Kusema kweli hajawahi kueleza vizuri kama siku ile. Alipofika mtoni sauti yake ilishuka, akaeleza mvua, akaeleza fimbo, akaeleza maji yalivyomchukua mzee.

Dresa akafumba macho. "Pale mtoni," alisema polepole, "nilipofika pale nilikiweka kitabu chini. Sikuweza kuendelea."

"Mimi," akasema bwana shamba, "nilimwita mke wangu nikamsomea."

Mke wake hakujua Kiingereza hata cha kuomba chumvi.

"Maskini yule mzee!" akasema dresa, na kweli macho yake yalikuwa na machozi. "Pamoja na mapungufu yake yote, alikuwa ametoka katika mvua kumtafuta mkewe."

"Mapenzi," akasema mume wangu.

"Mapenzi," bwana shamba akaitikia.

Walikuwa wanamlilia mume. Mto mzima ule niliwapa, na gauni, na ng'ambo ya pili, wao wakamlilia mwenye fimbo. Na bado hata mmoja hakunikamata. Nikamtazama yule Mwingereza. Nikajiambia, kitabu hiki ni cha kwao, lugha ni ya mama yake, sasa hivi atasema. Akapangusa midomo kwa kitambaa.

"Naam," alisema, "ule mto. Huwa nauzungumza sana na rafiki zangu. Sehemu ile inaumiza mno, sivyo?"

Wote wakasema ndivyo.

Hapo mwalimu wa Masasi, ambaye alikuwa hajatamka kitu tangu kuku alipoletwa, akainua kichwa. "Lakini," alianza, "nadhani katika kile kitabu—"

Wakamgeukia wote. Mgeni akamtabasamia. "Ndiyo, Mwalimu?"

Nilimwona anavyomtazama yule mama. Nikamwona anavyoutazama uma wake. "Nadhani katika vitabu vyote tulivyosoma," akasema, "huo ndio mwisho wenye nguvu kuliko yote."

Mgeni akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Mume wangu akashusha pumzi.

Wakati wenzake wamemzunguka mgeni barazani kumwonyesha lile sanduku, mwalimu alikuja mlango wa jikoni na glasi mkononi, kana kwamba anataka maji.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "ule mwisho si wa kitabu."

"Najua."

Akashtuka. Akanitazama kama mtu anayemwona mwenye nyumba baada ya mwaka mzima wa kula kwake. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Wewe ulikisoma lini?"

"Chuoni, zamani. Katika kitabu binti anabaki. Anamuuguza mzee, halafu anashukuru."

"Na kushukuru kwake ulikuamini?"

Alifikiri. Namheshimu kwa hilo, alifikiri kweli. "Hapana. Nilikasirika siku mbili. Nilimwuliza mwalimu wetu, akaniambia nisome kwa unyenyekevu zaidi."

"Mimi nadhani mwandishi mwenyewe hakuuamini. Ile sura ya gauni imeandikwa na mtu mmoja, na mwisho umeandikwa na mtu mwingine anayeogopa."

"Sura ya gauni!" alisema, na uso wake ukabadilika kabisa. "Pale anapokaa tu—"

"Anapokaa tu anatazama."

Kwa muda mfupi tulisimama pale, mimi na masizi mikononi, yeye na tai yake, na nikaona huu ndio mkutano wa chama, wa kwanza toka kianzishwe. Kisha nikamwuliza nililotaka kumwuliza.

"Mbona hukusema mezani?"

Akainamia glasi yake. "Mgeni alikuwa ameshasema."

"Mgeni hajakisoma."

"Najua kwamba hajakisoma, Shemeji. Lakini alikuwa ameshasema."

"Mwalimu!" sauti ya mume wangu ikaita barazani. "Mgeni anaondoka!" Mwalimu akaiacha glasi juu ya kinu akakimbia, akiweka sawa tai.

Dresa na bwana shamba niliwadharau kama mtu anavyomdharau kuku anayekunywa maji huku akitazama juu: ndivyo alivyoumbwa. Lakini huyu alikuwa anajua. Usiku huo, nikiosha vyombo kwa maji ya kuhesabu, yeye ndiye aliyeniuma.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, mume wangu alikuwa akipiga viatu rangi kwa ajili ya ibada, anapiga mluzi. Nikamwambia.

"Yule mzee hakufa maji."

"Mzee gani?"

"Wa kitabuni. Hakuna mto katika kitabu kile. Nilikutungia."

Brashi ikasimama. Mimi nikangojea hasira zake, nilikuwa nimejiandaa nazo tangu alfajiri.

"Dresa alisema alikiweka kitabu chini," alisema mwishowe.

"Dresa hajakifungua. Kurasa zimegandana kwa uji toka kwetu mpaka zikarudi."

"Na yule mama?"

"Yeye vilevile."

Akafikiri tena. "Kwa hiyo hakuna anayejua."

"Mwalimu anajua."

"Mwalimu hatasema," alijibu, na brashi ikaanza kwenda tena. "Basi mwezi ujao nitungie kingine. Safari hii wafe watu wawili."

Nilikataa. Nilimwambia kitabu hicho hapo na macho anayo. Alidhani natania, lakini mwezi ule sikufungua mdomo. Nilimwona jioni tatu amekaa na kamusi kando, midomo ikicheza, jasho likimtoka, na nilikaribia kumhurumia. Siku ya nne kijiti cha kiberiti kilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Hakikusogea tena.

Akasingizia kwamba mtoto wetu anaumwa, mkutano ukahamia kwa bwana shamba. Habari zake nilizipata kwa mke wa bwana shamba tukishuka bondeni. Kitabu walikizungumza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kila mmoja akingojea mwenzake aanze. Kisha dresa akasema kwamba riwaya hii ni nzito, inahitaji kusomwa mara ya pili. Wote wakakubali kwa haraka. Bwana shamba akatoa karata. Wakacheza mpaka jua likazama, wakala ugali na kisamvu kwa mikono, wakapigiana kelele kwa Kimakonde mpaka majirani wakaja kutazama.

Tangu hapo walikutana kwa bwana shamba kila Jumamosi, si mara moja kwa mwezi. Ndipo walipokuwa marafiki. Dresa alipofiwa na baba yake, mume wangu na bwana shamba walikwenda naye kwao wakakaa siku saba, jambo ambalo hawangelifanya wakati wa uma. Mimi nikapunguziwa debe moja la maji kila mwezi, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwa chama kile.

Mwalimu wa Masasi hakuja kwenye karata. Lakini baada ya miezi miwili dereva wa lori alinishushia kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na riwaya, na kikaratasi: Kwa Shemeji. Mwisho wa hiki utakupendeza. Nilikisoma kwa siku nne. Mwisho haukunipendeza, lakini ulikuwa mwisho wa kugombana nao, na wanawake wa bondeni waligombana nao wiki nzima. Nikakirudisha kwa lori lile lile, na katika karatasi nikaandika maswali matatu. Mawili yangu, moja la bibi wa Mkunya. Niliandika Kiingereza safi, nikanakili mara mbili ili pasiwe na kosa, na bahasha nikaiandika kwa jina la mume wangu ili pasiwe na maneno ya watu.

Nilingojea jibu. Kila lori la Masasi lilipopiga honi nilikwenda kutazama. Nilikwenda kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, karibu na Uhuru, nilipokuwa narudi kutoka kwenye matanga kwetu Lulindi na kungojea lori pale Masasi. Alikuwa amenenepa, amevaa koti, na amezungukwa na vijana wa ofisini wanaomwitikia kila neno. Alishakuwa mkubwa wa jambo fulani. Aliponiona alichangamka.

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwambia, maana alinizidi umri.

"Marahaba, Shemeji, marahaba!" Akawageukia wale vijana. "Huyu ni mke wa rafiki yangu wa Newala. Yule bwana, ndugu zangu, ndiye msomaji! Sijaona Mwafrika aliyeelewa riwaya kama yule."

Vijana wakanitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba ya mkubwa. Nikamwacha amalize.

"Maswali yangu ulipata?" nikamwuliza.

Uso wake ukanyauka kidogo. Akawatazama wale vijana, akanitazama mimi, akatazama saa yake.

"Niliyapata," alisema. "Kazi, Shemeji. Kazi zimezidi."

Nikamwambia pole na kazi, nikapanda lori.